Bati mmeleta, mkanda wa kulifungia uko wapi?

Mhariri habari za kazi. Mimi ni fundi wa mapaa hapa Mtwara, kuandika sio fani yangu, kwa hiyo nilipochapia naomba unyooshe mwenyewe, ila usinikatie ile sehemu ya misumari maana ndo iliyonifanya nishike kalamu.

Juzi nimesoma kwenye gazeti lako habari fupi, ipo pale chini pembeni ya matokeo ya mpira, kwamba wakazi wa kaskazini mwa Msumbiji wameanza kurejea kwenye hali ya kawaida baada ya vimbunga. Nikairudia mara mbili. Nikamsomea mke wangu, akasema hebu mpigie wifi yangu umuulize hiyo hali ya kawaida inagawiwa wapi na yeye akapange foleni. Maana mhariri dada yangu wa tumbo moja ameolewa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, siku nyingi, na kuanzia 2019 mpaka leo nyumba yake imeezekwa mara tatu. Mara tatu! Mimi nina nyumba ya marehemu baba hapa ina bati la tangu niko darasa la nne.

Watu wa kusini mnakumbuka Aprili 2019. TMA, wale wa hali ya hewa, walitangaza kimbunga Kenneth kinakuja, shule zikafungwa, maofisi yakafungwa, tukaambiwa wa mabondeni na pwani tuhame, mimi nikabeba watoto, redio na kopo la misumari (usiniulize kwa nini misumari, nadhani mkono wenyewe ulichukua) tukaenda kulala kwa ndugu huko juu. Usiku ule hakuna aliyelala. Asubuhi tukaambiwa kimepinda kusini. Tulishangilia mhariri, mimi nilikuwepo nasema ukweli, watu walishangilia kama timu imefunga goli. Sasa kupinda kusini maana yake nini? Maana yake tarehe 25 kiliingia Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini kabisa mwa Msumbiji, kikapita Macomia, Quissanga na kisiwa cha Ibo, yaani kiliingia kwa dada.

Siku tisa simu yake haikupatikana.

Nilifika Macomia mwezi wa saba. Nilivukia daraja la Umoja kule Mtambaswala, nikaenda Mueda, nikazunguka Montepuez mpaka Pemba (mji wa Msumbiji, sio kisiwa chetu) ndo nikarudi juu, maana barabara fupi ilikuwa haina usalama, wale wapiganaji wanaochoma vijiji walishaanza tangu Oktoba 2017. Nilijua nitakuta vumbi la maafa, watu wanalia. Nilichokuta ni watoto wamekaa chini ya mwembe wananyoosha misumari. Kila mtoto na jiwe lake. Wanaokota msumari uliopinda, wanaulaza, wanaugonga kidogo kidogo huku wanauzungusha mpaka unyooke, alafu wanautupia kwenye ndoo ya msaada yenye nembo ya shirika. Mchana kutwa unasikia ti ti ti ti. Misumari ile ile iliyoachia mabati ndo ilikuwa inaandaliwa ikashike mabati tena.

Sasa nisikilize hapa maana hapa ndo kwangu. Shemeji alinipeleka kuona paa lake lilipoangukia, kama mita mia mbili kutoka nyumbani, limekwama kwenye minazi. Bati moja lilikuwa limejifunga kwenye mnazi kama kanga kiunoni kabisa, unaweza kusema kuna mtu alilifunga. Nikaanza kuhesabu matundu. Kwenye bati zima la futi kumi nilikuta misumari ilipigwa sita. Sita! Na ilikuwa ile laini isiyojizungusha, ukiivuta kwa koleo inatoka kama jino la mtoto. Alafu nikaangalia kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa nzima, mbao nzuri tu, hazikuvunjika hata moja, zilinyanyuka tu zote na papi zake, zile mbao zinazopigiliwa bati, zikaruka kama kofia, kwa sababu ile mbao inayolala juu ya ukuta ilikuwa imekaa tu juu ya udongo kwa misumari miwili mitatu na dua.

Watu wanadhani upepo unasukuma paa. Upepo unanyonya. Ukipita kwa kasi juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ule unaoingia kwa mlangoni na chini ya kibaraza unalisukuma kutoka ndani, kwa hiyo paa linavutwa juu na linasukumwa kutoka chini, na sisi mafundi maisha yetu yote tumefundishwa kuzuia paa lisidondoke chini. Hakuna aliyetufundisha kulizuia lisiende juu. Mimi mwenyewe niliyelijua hilo vizuri ni siku ile chini ya minazi nikiwa na miaka ishirini na mbili kazini, na niliona aibu nikakumbuka nyumba zote nilizoezeka Mtwara hii nikashukuru Mungu kimbunga kilipinda.

Dawa yake sio kubwa. Unakata mkanda wa chuma, ule wenye matundu unaouzwa dukani kwa roli, unaupitisha juu ya kenchi unashuka nao ukutani unaupigilia pembeni, kwa misumari ya ubavuni sio ya juu, ili upepo ukivuta ukute msumari umelala kinyume na yeye. Kama ukuta ni wa tofali mkanda unauzamisha kwenye zege la lenta kabla halijakauka, kama ni wa fito na udongo unaufunga kwenye nguzo iliyoingia ardhini. Papi nazo unazifunga kwenye kenchi. Misumari ya bati unatumia ile yenye mzunguko na kofia pana, kwenye ukingo wa paa unapiga kila mgongo wa bati, katikati ndo unaweza kuruka. Kibaraza kinakuwa na paa lake peke yake, likitaka kwenda liende lenyewe lisivute la nyumba. Basi. Kwa nyumba ya vyumba vitatu hesabu yangu mimi, mikanda na misumari ya ziada haifikii bei ya mlango wa mbele, huu wa mninga tunaopenda kuweka wageni waone.

Kwa dada tulikuwa hatuna mkanda wa dukani. Tulikwenda kuokota ile mikanda ya chuma inayofungia mizigo, tukapasua na pipa moja la mafuta tukakata vipande, shemeji mikono yote ilikuwa damu. Tulifunga nyumba yake na ya jirani mmoja mama mjane. Jamaa wengine walipita wakatucheka kwa Kimwani, nacho ukikaa nacho siku mbili tatu Mswahili unakishika, walisema huyu Mtanzania anafunga nyumba kama mbuzi anayetaka kutoroka. Nikawaambia ndo hivyo hivyo.

Sasa misaada. Sitaki kuwa mtovu wa shukrani, watu waliletewa unga, maharage, dawa za maji, maana kipindupindu kiliingia Pemba kama wiki moja tu baada ya kimbunga, na kama sio hiyo misaada tungezika wengi. Lakini siku ya kugawa vifaa vya kujengea nilikuwepo. Lori limekuja, jina la shirika silitaji, wanasoma majina, kila kaya inapewa turubai, kamba, misumari kilo na ushee, na nyundo moja kwa kaya kadhaa. Baadaye wengine walipata na bati, nyembamba hiyo ukiliinua na upepo wa kawaida tu linacheza kama karatasi. Nikamfuata kijana mmoja mwenye fulana ya shirika nikamuuliza kwa heshima kabisa, kaka, mkanda wa kufungia uko wapi? Akaniuliza mkanda gani. Nikamuelezea. Akaandika kwenye daftari lake, akasema wazo zuri sana atalifikisha. Sijui alilifikisha wapi.

Jambo lingine ni yale majina. Yalikuwa majina ya wenye nyumba. Aliyepanga chumba hayumo, mama ambaye mume yuko baharini au amekufa na nyumba bado ina jina la mume anaambiwa alete karatasi, karatasi yenyewe ilikwenda na upepo pamoja na kabati. Yule mama mjane jirani ndo ilikuwa hivyo. Alipata turubai kwa sababu dada yangu alisimama mbele ya lori akagoma kuondoka, na dada yangu akigoma mhariri utampa tu.

Na usidhani nasema mambo ya kijijini kwetu tu. Wiki sita kabla ya Kenneth, usiku wa tarehe 14 Machi 2019, kimbunga kingine, Idai, kiliingia Beira, ule mji wa bandari wa Msumbiji, mito ya Buzi na Pungwe ikafurika mpaka picha za angani zikaonekana kama bahari imeingia bara. Zaidi ya watu 600 walikufa Msumbiji peke yake. Hiyo dunia nzima iliiona. Ikafanyiwa mkutano wa wafadhili pale pale Beira mwisho wa Mei, hesabu ikatolewa kwamba kujenga upya baada ya vimbunga vile viwili kunahitaji dola bilioni 3.2, zikaahidiwa bilioni 1.2. Kuahidiwa, sio kutolewa. IMF, ule mfuko wa fedha wa kimataifa, nao walitoa dola milioni 118 lakini ni mkopo, yaani nchi imebomolewa na upepo alafu inakopa ili iendelee kusimama. Mimi nikiezeka nyumba kwa theluthi moja ya hela najua nini kinabaki, kinabaki kile kisichoonekana. Bati litawekwa maana linapigwa picha. Mkanda uko ndani ya dari nani atauona?

Ila Beira walikuwa na kitu kimoja nakisifia. Kabla ya Idai walishaanza kuufukua ule mto wao mdogo wa Chiveve unaopita katikati ya mji, uliokuwa umeziba takataka, wakaupa njia ya kupumua maji ya mvua yatoke kwenda baharini. Na shuleni pia, serikali yao pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, walikuwa miaka kadhaa nyuma wameanza kutengeneza madarasa ya kuhimili upepo, mapaa yamefungwa kama ninavyosema hapa. Kwa hiyo hii elimu ipo, imeandikwa, ina michoro. Haijamfikia tu yule anayenyoosha msumari kwa jiwe.

Nitoke kidogo kwenye mapaa. Kujenga upya pwani watu wanafikiria nyumba, lakini shemeji kilichomuumiza zaidi ni mikorosho. Nyumba tulimaliza kwa wiki mbili na nusu. Mkorosho ukipanda leo utangoja miaka mitatu minne ndo uone kitu cha maana, na hiyo miaka mitatu watoto wanakula nini? Hapo ndo mtu anapouza bati lake la msaada, nimeona kwa macho, na simlaumu. Na hii sio ya leo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikalaza mikarafuu mashamba kwa mashamba na kuvunja vyombo bandarini, Pemba (ya kwetu sio ile ya Msumbiji) ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mali wakakimbilia kupanda Pemba, na mpaka leo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka kule. Na waliochimba yale mashimo ya miche walikuwa watumwa, wengine wakivushwa kwa siri hata baada ya Sultani Barghash kusaini mwaka 1873 kwamba biashara ile baharini basi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema eneo fulani limejengwa upya baada ya kimbunga mimi swali langu la kwanza ni nani alibeba mawe na nani alihamia.

Turudi kwa dada. Ile nyumba tuliyofunga kama mbuzi ilisimama, na ingekuwa inasimama mpaka leo, lakini mwishoni mwa Mei 2020 Macomia ikavamiwa na wale wanaochoma vijiji, wakakimbia usiku na watoto na sufuria moja. Wakaishia Metuge, huko karibu na Pemba ya Msumbiji, kwenye makazi ya waliokimbia. Shemeji akajenga tena, ya pili hiyo. Nilimwambia kwenye simu funga paa, akasema shemeji hapa sio kwangu, wakituambia kesho tuhame je? Nikakosa jibu. Mtu hafungi paa kwa mkanda kwenye kiwanja ambacho hajui kama mwakani atakuwepo, hata ungempa mkanda bure. Hili watu wa miradi hawaliandiki.

Desemba 2024 ikaja Chido, kimbunga kingine. Tarehe 14 ilipiga visiwa vya Mayotte, kesho yake ikaingia Mecufi, Metuge ikamo. Zaidi ya watu mia walikufa upande wa Msumbiji. Dada alinipigia jioni ya siku ya tatu kwa simu ya kuazima, hakunisalimia, akasema tu "mdogo wangu, limekwenda tena." Sikuuliza nini. Na kabla hawajakauka ikaja Dikeledi Januari na Jude Machi, zote zikaingilia Nampula jirani zao kusini, yaani msimu mmoja vimbunga vitatu kaskazini ya Msumbiji, alafu mnaniandikia hali ya kawaida. Kama hiyo ndo kawaida basi tuijengee nyumba yake.

Kule Mayotte, ambayo ni Ufaransa, ni Ulaya kabisa kwa makaratasi, mwanzoni mwa Januari 2025 wakubwa wa pale waliweka masharti ya kuuza mabati, ukitaka kununua uonyeshe kitambulisho na uthibitisho wa unapoishi, kwa sababu watu walikuwa wanainua vibanda vile vile kwenye miteremko ile ile siku chache tu baada ya upepo. Naelewa walichoogopa. Lakini wewe niambie, mtu amelala nje na watoto mvua inanyesha, unamnyima bati unampa nini? Afadhali ungemuuzia bati na fundi wa kumuonyesha anavyolifunga.

Na sisi huku tusijione. Lindi walipigwa Aprili 1952, wazee wapo wanaohadithia. Kenneth ilipinda. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na kisiwa cha Mafia kikaishiwa nguvu. Mara mbili ndani ya miaka mitano tumepona kwa kupinda na kwa kuishiwa nguvu, na mimi nikipita mitaa ya Mtwara sasa hivi naona majumba mapya mazuri, vioo vya bluu, bati la rangi la mgongo mpana, vibaraza vimetoka nje mita nzima na nusu vimeunganishwa na paa kubwa, na fundi wake namjua, namjua kabisa kwamba hajafunga kitu. Nikimuuliza anasema mteja hakuomba. Mteja ataombaje kitu asichokijua? Bwana afya anakuja kukagua choo, mtu wa halmashauri anakuja kuangalia kama umezidisha mpaka, kwa nini asipande ngazi mara moja tu kabla ya silingi kupigwa aangalie kenchi imefungwa na nini? Na vijana wa VETA, vyuo vya ufundi, wanaosoma uashi na useremala wakifundishwa kazi hii nusu siku tu wataijua, haina hesabu ngumu, mimi nipo niko tayari kuja na ngazi yangu bila kulipwa.

Mhariri naomba mambo mawili nimalize maana betri imebaki kidogo. Mkiandika tena kuhusu Msumbiji au Mafia au popote, msihesabu mabati yaliyogawiwa, tumeni mtu achungulie yamefungwaje. Na kama yupo msomaji mwenye gari linalokwenda Mueda au Montepuez kabla ya mwezi wa kumi na moja, msimu wao haujaanza, nina maroli manne ya mkanda na kopo mbili za misumari yenye mzunguko, vyote vimelipiwa. Dada amesema safari hii nisimtumie bati, bati analo, ameliokota.

Fundi paa, Mtwara